Mtoto ana A ya Kemia, bureta hajawahi kuishika. Skuli zetu zinafundisha nini khasa?

#1 Mzazi_Machomane
Assalaam alaykum wana jukwaa.

Binti yangu yuko Fomu 3, skuli ya serikali hapa Chake, Pemba. Kemia haijampa tabu, kila muhula A. Juzi usiku nimemkuta anakariri jadweli la taitresheni, lile jaribio la kudondosha asidi kwenye alkali mpaka rangi igeuke: usomaji wa mwanzo, usomaji wa mwisho, ujazo uliotumika, wastani. Namba zote anazo kichwani. Nikamuuliza, hiyo bureta yenyewe, ule mrija wa kioo wa kupimia, ina urefu gani? Akanionesha kwa vidole, kiasi cha kalamu ya risasi. Bureta ya mililita 50 ukiisimamisha sakafuni inakufika mapajani.

Dai langu ni hili, nipingeni: sekondari zetu hazifundishi sayansi, zinafundisha kuisimulia. Na hiki ni kisiwa chenye karafuu, mwani, chumvi, mafundi wa mashua, msitu wa Ngezi na bahari pande zote. Wa kulaumiwa nani? Serikali, walimu, mtihani au sie wazazi?

#2 Gari_502
Waalaykum salaam. Mzee usimlaumu mtoto. Skuli niliyosoma mie mjini bureta zilikuwepo, tena mpya, hazijatolewa kwenye maboksi. Kabati limefungwa, ufunguo anao mwalimu, na mwalimu kahamishiwa Makunduchi. Tumemaliza Fomu 4 tunazitazama kupitia kioo cha kabati.

#3 Maalim_Kombo
Nafundisha Kemia na Baiolojia kaskazini Pemba, jina la skuli nitaliacha.

Mzazi, nakubaliana na wewe nusu. Njoo ukae na mie siku moja. Kipindi ni dakika 40. Kuwatoa darasani, kuwapanga makundi, kugawa vifaa, robo saa imeshakwenda. Taitresheni inataka urudie mpaka usomaji ukaribiane, sasa mtoto wa kwanza ndo anaanza kuona rangi inageuka, kengele hiyo. Vyombo vinabaki. Mkondo wa mchana unaingia, chumba kile kile. Nani anaosha? Sina msaidizi wa maabara. Naosha mie, na koti langu jeupe, watoto wa mchana wananichungulia dirishani kama naosha vyombo vya harusi.

Kwa hiyo na mie nafanya wanavyofanya wenzangu: naonesha mbele, wao wanaandika. Sio kwamba sijui. Sina saa.

#4 Karafuu_Mbichi
Maalim, saa zipo, ila zote zimeliwa na mtihani. Kuna miaka skuli isiyo na maabara ilifanya karatasi mbadala: unachorewa vifaa, unaandika ambavyo ungefanya lau ungekuwa navyo. Watu wamepata cheti cha sayansi kwa kukisia. Na hata pale vitendo vinapofanywa kweli, maelekezo ya matayarisho yanafika skuli mapema ili vifaa vitengenezwe. Mwalimu akiona asidi na methili orenji, ile rangi ya taitresheni, anajua mgeni gani anakuja. Mazoezi yanafanywa mwezi wa tisa na wa kumi, mtihani wa kumi na moja. Miaka mitatu na ushei ya nyuma mtoto alikuwa anakariri.

Ukibadilisha namna ya kutahini, walimu watabadilika wenyewe bila semina.

#5 Fundi_Amali
Nimepita Kituo cha Mafunzo ya Amali Mwanakwerekwe, umeme wa majumbani. Mnaongea kama kwamba vitendo havipo nchi hii. Skuli ya ufundi Mikunguni ipo. Ya Kengeja ipo. Vituo vya amali vipo Mkokotoni, Vitongoji, Daya. Nani hapa amempeleka mwanawe kwa hiari yake, mwenye alama nzuri? Semeni ukweli. Anapelekwa aliyefeli, tena usiku usiku kama anaozeshwa.

Mzee wangu alikuwa anawaambia watu barazani "kijana yuko chuo", hasemi chuo gani. Leo mita yake ya umeme ya TUKUZA ikigoma anajua njia ya kwangu, na wenzake wa barazani wote kawapa namba yangu.

Tatizo ni sie. Tunataka mtoto wa koti na tai.

#6 Mzazi_Machomane
Fundi, hilo limenigusa, nalipokea. Lakini uzi huu sio wa amali. Sitaki binti yangu awe fundi umeme kwa lazima, nataka aelewe anachokiandika. Hayo mambo mawili tusiyachanganye.

#7 Fundi_Amali
Yameshachanganyika, mzee. Mwenye kudharau kazi ya mikono hataona faida ya mwanawe kushika chupa ya asidi. Atauliza: iko kwenye mtihani?

#8 Bi_Shuweni_Jambiani
Mie Mjambiani, napanda mwani. Nimesomewa uzi huu na mwanangu, naandikiwa.

Walikuja wanafunzi pwani na mwalimu wao, madaftari mikononi. Mmoja kaniuliza, bibi, unajuaje leo maji yanakupwa saa ngapi? Nikamwambia tazama mwezi. Bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, linakuja mwezi ukiandama na ukifika kumi na tano, na kila siku maji yanachelewa kiasi cha dakika 50. Akasema ah, hii tumeisoma kwenye Jografia. Nikamwambia umeisoma, mbona umekuja na viatu?

Watoto wazuri, sina ubaya nao. Lakini niseme na la moyoni. Mie napanda mwani ili mwanangu asipande. Maji ya chumvi yamenila miguu, macho yananiuma kwa mng'aro wa bahari. Sasa nimnunulie sare, nimpeleke skuli, halafu skuli inamrudisha kwenye kamba zangu na kuita hiyo elimu? Angebaki nyumbani tangu mwanzo, ningepata msaidizi.

#9 Gari_502
Uzi ufungwe. Bi Shuweni kamaliza.

#10 Popo_wa_Kidike
Usifungwe. Shikamoo Bi Shuweni. Hakuna anayetaka mwanao abebe viroba. Tunataka apime. Tuchukue pando la mwani la gramu 100: ukilifunga kwenye kamba leo, siku ya 45, maji yakiwa mazuri, unavuna kama kilo moja. Hiyo ni asilimia 20 kwa siku. Mtoto akijua hilo anaweza kupanga avune lini, auze lini. Ndo hesabu za maisha.

#11 Hesabu_Ni_Dawa
Popo, shuka kwenye mwembe kidogo.

Asilimia 20 kwa siku? Kwa kasi hiyo gramu 100 baada ya siku 45 zinafika kilo 365 na zaidi. Pando moja! Umechukua gramu 900 zilizoongezeka, ukagawa kwa siku 45, ukapata gramu 20, ukazibatiza asilimia. Mwani haukui hivyo. Leo unakua juu ya kilichokua jana.

Fanya hivi. Umekua mara kumi. Logi ya 10 ni 1. Gawa kwa 45, unapata 0.0222. Irudishe kutoka kwenye logi, unapata 1.0525. Yaani asilimia 5 na kitu kwa siku. Logi hiyo ni ya Fomu 2, na wanafunzi wangu wote waliniuliza "maalim, hii tutaitumia wapi?" Nikawajibu kwenye mtihani. Leo ndo napata jibu jengine.

#12 Popo_wa_Kidike
Nilikuwa natazama kama mmelala.

#13 Gari_502
Kilo 365 kwa pando moja. Bi Shuweni angekuwa anatuandikia kutoka Dubai.

#14 Bi_Shuweni_Jambiani
Nyie hesabuni. Bei anapanga mnunuzi. Na hiyo kilo mnayoitaja, mwani wa kotoni, ule wa bei nzuri, haiifikii tena huku kwetu, maji yakipata moto inageuka nyeupe inakatika. Tumebaki na spinosamu, aina nyengine inayostahamili, na bei yake ya chini. Tena mnapima mbichi: kilo kumi mbichi ukianika unarudi nyumbani na kilo moja na kidogo. Mtoto wa skuli akinipigia hesabu ya mbichi nitakufa njaa.

#15 Hesabu_Ni_Dawa
Mnaona? Huyu mama katupa somo la asilimia la wiki nzima. Mbichi, kavu, maji yaliyotoka, bei kwa kilo. Sijawahi kuliona swali zuri kama hilo kwenye kitabu. Cha ajabu vitabuni kuna maswali ya treni mbili zinazokutana njiani. Treni, Zanzibar.

#16 Mzee_Barza
Vijana, haya sio mapya. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea 1967, kila skuli ikawa na shamba, Unguja na Pemba. Sie tulipelekwa kambi za karafuu, skuli zinafungwa, tunapanda meli kutoka Unguja kuja kuchuma Pemba. Tulijua kazi. Mmeyaacha yale, sasa mnaulizana bureta. Mwani nao tulikuwa nao toka miaka ya 70.

#17 Sheha_Mstaafu
Mzee Barza, shikamoo, niruhusu nirekebishe machache.

Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikuwa sera ya Bara. Elimu kwetu sio jambo la Muungano, ukitoa elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Taifa. Huku elimu bure ilitangazwa 23 Septemba 1964, na skuli zetu zimeendeshwa na wizara yetu toka hapo. Mashamba ya skuli yalikuwepo, kweli, ila sio kwa waraka ule.

Mwani: utafiti wa Profesa Keto Mshigeni ulianza miaka ya 70, umesema kweli hapo. Kilimo chenyewe cha biashara, kamba na vigingi, kimeanza 1989 pwani ya mashariki ya Unguja.

#18 Mtambwe1
Na kambi za karafuu tuachieni wenyewe Wapemba tusimulie. Babu yangu mpaka leo ana mkarafuu anauita "wa wanafunzi". Uliangushwa tawi zima na vijana kutoka mjini waliopanda kama wanakwea mnazi. Wakichuma mpeta, zile zilizopitiliza, wakichuma changa, wote ndani ya pakacha moja. Ile ilikuwa kazi ya taifa, sawa. Somo lilikuwa lipi? Nani aliwaeleza kwa nini ua linachumwa kabla halijafunguka?

#19 Mzee_Barza
Tawi lilikuwa bovu.

#20 Mtambwe1
Hahaha! Kumbe ulikuwepo!

Haya, mie niseme nililoliona. Tulipokuwa Fomu 3 tulikuwa na mwalimu wa Kemia mmoja, mkimya. Akaja na sufuria ya presha ya kwao, bomba la shaba alilolikunja mwenyewe, mpira, na ndoo ya maji. Makonyo tulileta sie, yale vikonyo vinavyobaki ukishachambua karafuu. Akatwambia leo tunafanya wanavyofanya kiwandani Wawi wakikamua mafuta ya karafuu, kwa kidogo. Mvuke unapita kwenye makonyo, unaingia kwenye bomba ndani ya maji baridi, unatoka matone.

Kabla hajawasha moto akatuandikisha: mafuta yatakaa juu ya maji au chini? Darasa zima tukaandika juu. Nani asiyejua mafuta yanaelea? Ukifungua sufuria ya mchuzi unayaona.

Kwanza yakatoka maji meupe kama tui la pili. Tukasubiri. Baadae chini ya gilasi, CHINI, vikaonekana vitone vya manjano vimelala. Mtu akatikisa gilasi, vikazunguka, vikarudi chini. Mwalimu hakusema kitu, akakaa juu ya meza anatutazama. Tulibishana mpaka mchana. Mmoja akasema sio mafuta yale, ni uchafu wa bomba. Tukanusa. Darasa zima lilinuka kama kwa daktari wa meno.

Densiti, yaani uzito kwa ujazo, nilikuwa nimeshaisoma Fomu 1. Nilikuwa naweza kuiandika na fomula yake. Nimeielewa siku ile.

#21 Gari_502
Mafuta yanazama? Mtambwe acha uongo wa kisiwani.

#22 Maalim_Kombo
Sio uongo. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, nayo ni nzito kidogo kuliko maji. Hata ukiyatia kwenye maji ya bahari yanazama. Na kuna jengine zuri zaidi hapo: eujenoli peke yake inachemka zaidi ya nyuzi 250, lakini ikisafiri na mvuke inatoka chini ya nyuzi 100. Ndo maana wanatumia mvuke, wangeichemsha kavu wangeiunguza.

Makonyo yana mafuta asilimia 5 hadi 7. Ua lenyewe 15 hadi 20. Majani 2 au 3. Mwanafunzi akipima uzito wa makonyo kabla na mafuta baada, anaweza kujua mtambo wake unapoteza kiasi gani.

Lakini nitoe onyo. Sufuria ya presha na mpira ni hatari. Bomba likiziba na tundu la usalama mmelitumia kuunganishia mpira, hiyo ni bomu. Anayetaka kujaribu atumie chombo cha kawaida, na mdomo wa bomba uwe wazi muda wote. Mwalimu wako alikuwa na bahati.

#23 Gari_502
Haya nimekubali. Ila nanyi mkishaanza kukamua karafuu skulini, mtakuja kukamatwa kwa magendo. Mwalimu anaonekana Shimoni, kule Kenya, na kidumu: "nilikuwa kwenye praktiko."

#24 Mama_wa_Wawili
Mnasifia sana. Mie nina malalamiko. Siku hizi na mtaala huu wa umahiri kila kitu ni mradi. Mwanangu kaambiwa alete mfano wa figo, kesho. Kesho! Usiku saa mbili nimezunguka mtaani, nikampata seremala, akachonga kwa mbao ya mninga, akapaka rangi nyekundu, akachora na mishipa kwa kufuata kitabu. Mwanangu alikuwa amelala.

Seremala kapata A. Figo iko juu ya kabati ya mwalimu mpaka leo, na mwanangu ukimuuliza inafanya kazi gani anakwambia "inasafisha".

#25 Karafuu_Mbichi
Seremala huyo apewe cheti. Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#26 Mama_wa_Wawili
Cheka. Pesa nimetoa mie. Na hapo ndo kwenye kiini: skuli zimekatazwa michango, sawa, tumefurahi wazazi. Lakini safari ya Ngezi inataka gari. Makonyo yanataka moto. Pesa zinatoka wapi? Mwalimu akiomba elfu moja anaripotiwa. Asipoomba, watoto wanabaki na picha ya kitabuni. Kwa hiyo michango imehamia nyumbani, kimya kimya, kwa jina la mradi. Mwenye nacho analeta figo ya mninga, asiye nacho analeta ya udongo inapasuka njiani.

#27 Fundi_Nungwi
Nachonga mashua. Nami niliwahi kuletewa watoto na mwalimu wa hesabu. Wakauliza mataruma, mbavu za mashua, nayapataje yalingane kulia na kushoto bila kupima kwa futi. Nikawaonesha kamba na jicho. Wakapiga picha sana.

Kijana mmoja akaomba ashike keekee, ile ya upinde. Nikampa, maana ukimnyima mtoto chombo umemfukuza. Akaitoboa mbao pembeni mno, ikapasuka kutoka tundu mpaka mwisho. Mbao ya mkuku, uti wa chini wa chombo. Mwalimu akasema samahani, watoto wakacheka, gari likaondoka.

Sasa nauliza: nani analipa mbao? Mnasema watoto wajifunze kwa vitendo. Kujifunza ni kuharibu, mie mwenyewe nimeharibu nyingi za baba yangu. Lakini alikuwa baba yangu. Yule mtoto sio wangu na mbao ni ya tajiri aliyeagiza chombo. Toka siku hiyo wakija nawapa mabua ya kuchezea. Na kwa mabua hawajifunzi chochote, mie najua na mwalimu anajua.

#28 Hesabu_Ni_Dawa
Fundi, hili sijawahi kulisikia likisemwa kwenye semina hata moja. Kila siku "jamii ishirikiane na skuli". Jamii ni wewe na mbao yako.

#29 Popo_wa_Kidike
Na safari zenyewe tuzitazame. Sie tulipelekwa msitu wa Jozani. Tumekula chipsi, tumepiga picha na kima punju, kima kamkojolea mwenzetu begi, tumerudi tunaimba. Ripoti hatukuandika. Ukiniuliza Jozani nimejifunza nini, nimejifunza usikae chini ya mti wenye kima.

#30 Mtumwa_wa_Ratiba
Popo nami niongeze la kinyume. Kuna dada yangu walipelekwa Chumbe, kisiwa cha hifadhi, na skuli yao. Wahifadhi wa kule wanawavisha watoto maski na boya, wanawaingiza kwenye matumbawe na mtu wa kuwaelekeza. Huyu dada alikuwa hajui kuogelea, na nyumba yetu iko hatua chache kutoka baharini. Kuna watoto wa kisiwa hiki hawajawahi kutia uso chini ya maji, khasa wa kike. Alirudi anataja samaki kwa majina na anamgombeza baba asinunue wadogo. Kwa hiyo safari sio zote chipsi. Inategemea kama kuna mtu kakaa akafikiri kabla watoto hawajashuka garini.

#31 Mama_wa_Wawili
Na wa kike, nani alitia saini ruhusa? Kwetu baba yao angesema baharini waende wanaume.

#32 Mtumwa_wa_Ratiba
Mama ndo alitia saini. Baba alikuwa Mkoani, Pemba.

#33 Msomi_wa_Nkrumah
Nimesoma kurasa zote na hamjaitaja lugha. Sera ya Elimu ya 2006 iliweka sayansi na hesabu kwa Kiingereza tangu darasa la tano, na sekondari ni Kiingereza moja kwa moja. Mtoto aliyekulia kwenye uwanja wa kuanikia karafuu anajua kukauka, anajua mvua ikipiga karafuu inaingia ukungu, anajua harufu ya iliyovunda. Mwalimu akimuuliza hayo hayo kwa lugha asiyoimudu anainamisha kichwa. Na mwalimu naye anaogopa praktiko kwa sababu praktiko inazaa maswali ambayo hayako kwenye noti, na kuyajibu kwa Kiingereza papo kwa papo ni mtihani. Kukariri ni kichaka, wote wawili wamejificha humo.

#34 Karafuu_Mbichi
Msomi, nakataa. Watoto wa skuli ya Lumumba wanasoma kwa lugha hiyo hiyo na wanapasua. Ukigeuza vitabu vyote viwe vya Kiswahili kesho, kabati la Gari_502 litakuwa bado limefungwa.

#35 Msomi_wa_Nkrumah
Lumumba wanachaguliwa waliokwisha kufaulu. Usinipimie bahari kwa kisima.

#36 Maalim_Kombo
Nyote wawili mna haki kwa sehemu. Mie nikiwa maabara naongea Kiswahili, nikitoka naandika Kiingereza ubaoni. Mkaguzi akija naongea Kiingereza na watoto wananishangaa.

Ila nimewaza sana mbao ya Fundi wa Nungwi na gari la Mama wa Wawili. Kwangu mwani upo karibu, kwa miguu. Nataka nijaribu na Fomu 3: tufunge mapando yaliyopimwa, tuyapime tena kila bamvua, wachore grafu, waone kama kweli ni 5 na kitu. Kamba nitanunua mie. Mama mmoja wa kikundi cha pale kakubali kutupa kipande cha shamba, kwa sharti tumfungie na zake. Nahitaji mizani ya kuning'iniza, hata ya wavuvi.

#37 Mzazi_Machomane
Mizani ninayo, ya digitali, nilinunua kwa ajili ya kupimia mizigo ya safari. Ije kesho na gari la Konde. Binti yangu nae nimtie garini?

#38 Hesabu_Ni_Dawa
Maalim, wapime mbichi lakini waupukute maji kwanza, kila mara kwa namna ile ile. Vinginevyo utapima bahari. Na wasitegemee mstari ulionyooka kwenye grafu. Wakichora logi ya uzito ndo utanyooka, hapo waachie wenyewe wagundue, usiwambie.

#39 Bi_Shuweni_Jambiani
Maalim, na viatu wavue. Halafu umetazama saa? Bamvua linakupwa asubuhi, kwenye saa nne saa tano. Huwezi kuwaleta jioni baada ya skuli, jioni ya bamvua ni maji matupu.

#40 Maalim_Kombo
Bi Shuweni, hapo ndo nilipokwama. Bamvua lijalo linaangukia siku za skuli. Saa nne Fomu 3 wana Uraia, saa tano kasoro wana Dini. Mwalimu wa Dini kanipa kipindi chake bila maneno, na yeye anakuja. Wa Uraia hataki. Anasema ana mada haijesha na mtihani wa muhula uko karibu, na watoto wakifeli ataulizwa yeye sio mwani.

#41 Karafuu_Mbichi
Si nilisema mtihani?

#42 Msomi_wa_Nkrumah
Hujasema kitu. Huo ni uongozi, mwalimu mkuu apange.

#43 Maalim_Kombo
Mwalimu mkuu kasema tuelewane wenyewe. Nimemwahidi wa Uraia pweza.

#44 Gari_502
Wa kilo ngapi?

#45 Maalim_Kombo
Kasema isiwe chini ya mbili, na apimiwe kwa mizani hiyo hiyo. Kama mwamba wa kule haujafungwa uvuvi wa pweza.